Gari inachelewa kuwaka asubuhi? Ipime mwenyewe kabla haijapata moto

Muuzaji wa Matemwe anaijua vizuri asubuhi hii. Oda za Mjini zimefungwa tangu jana usiku: sabuni za mwani, viungo, mikoba ya ukili, pengine na pweza aliyelala kwenye barafu. Mteja wa Darajani ameahidiwa saa tatu. Mzigo wa mteja wa Dar lazima uwahi boti. Unaingia garini, unazungusha swichi, stata inalia weee, gari haishiki. Unarudia. Mara ya nne au ya tano inashika, inatetemeka kidogo, halafu inatulia kama vile hakuna kilichotokea.

Siku nzima haisumbui tena. Unaizima Kinyasini kumshushia mtu mzigo, inawaka. Unaizima Mahonda, inawaka. Unafika kwa fundi Mjini, anapiga stata mara moja tu, imewaka. Anakutazama: "Mbona nzima hii?" Na kwa kuwa umeshafika na lazima kitu kifanyike, anakubadilishia plagi. Kesho asubuhi, yale yale.

Hapo ndipo hela ya biashara inapopotelea, ndugu zangu. Ugonjwa huu una tabia moja: unaonekana tu injini ikiwa imelala usiku kucha. Kutoka Matemwe hadi Mjini ni karibu kilomita 50. Ukifika, injini imeshachemka na ushahidi umeshaondoka. Kwa hiyo mpimaji wa kwanza wa ugonjwa huu si fundi. Ni wewe, hapo hapo uwanjani kwako, kabla gari haijapata moto. Huhitaji kuwa fundi. Unahitaji masikio, pua, simu yako, na vipimo vichache ambavyo vingi ni bure.

KWETU "BARIDI" SI BARIDI

Ukitafuta tatizo hili mtandaoni utakutana na video za watu wa Ulaya na Marekani wakilaumu theluji. Kule ni kweli: joto likishuka chini ya sifuri, betri inapoteza nguvu nyingi na oili inakuwa nzito kama asali. Hapa kwetu hata Kusi ikivuma mwezi wa Julai na Agosti, usiku hautufikishi huko. Tunajifunika shuka mbili, lakini bado tuko kwenye nyuzi 20 na kitu. Hiyo si baridi ya kuizuia gari nzima isiwake.

Fundi akisema "injini baridi" ana maana injini iliyokaa masaa mengi bila kuwashwa. Basi swali la kujiuliza si "kwa nini baridi inaisumbua gari yangu?" Swali ni hili: USIKU, GARI IKIWA IMELALA, NI KITU GANI KIMEPOTEA?

Vitu vinavyopotea usiku ni vinne hivi:
1. Umeme wa betri.
2. Presha ya mafuta.
3. Moto wa plagi, ukizidiwa na unyevu au uchakavu.
4. Taarifa sahihi ya joto la injini, pale sensa inapodanganya.

Ukijua kipi kati ya hivyo vinne, umeshamaliza nusu ya kazi, na fundi hatokufanyisha bahati nasibu.

ANZA KWA KUSIKILIZA STATA

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote: ukipiga stata, inazunguka vipi?

A. Inazunguka kwa uvivu, kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Au inagonga tu "tak tak tak" na taa za dashibodi zinafifia. Hapo angalia umeme: betri, vichwa vyake, nyaya, stata yenyewe.

B. Inazunguka kwa nguvu zake zote, ila injini haishiki. Hapo betri usiiguse, haina kosa. Angalia mafuta, moto wa plagi, au sensa.

C. Inashika haraka lakini inatetemeka au inataka kuzimika kwa dakika moja au mbili za mwanzo. Hapo plagi moja haichomi vizuri, au injekta inavuja, au kompyuta ya gari imepewa taarifa mbaya ya joto.

Watu wengi hununua betri mpya kwa tatizo la B. Betri mpya, gharama mpya, na ugonjwa uko pale pale. Sikiliza kwanza.

Jambo moja la usalama: usishikilie stata zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja. Iache ipoe nusu dakika, ndiyo urudie. Ukiichoma stata, utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

KILA ASUBUHI KIPIMO KIMOJA TU

Gari inalala mara moja kwa siku, na nafasi ya kuipima ikiwa baridi pia ni moja kwa siku. Ukishaiwasha, basi, hadi kesho. Kwa hiyo usifanye mambo matatu asubuhi moja. Ni kama tangazo lako la WhatsApp: ukibadilisha picha, bei na maelezo kwa pamoja halafu oda zikaja, hutojua kilicholeta oda ni kipi. Badilisha kitu kimoja, tazama, andika.

ASUBUHI YA KWANZA: REKODI
Usitengeneze chochote. Weka simu pahala itakapoonesha dashibodi na kushika sauti vizuri, kisha washa kama kawaida. Wewe kila siku unarekodi video za bidhaa, leo irekodi gari. Hesabu ni sekunde ngapi stata inazunguka kabla injini haijashika. Mtu mwengine asimame nyuma aangalie moshi. Video hii ndiyo utakayompelekea fundi, maana yeye gari baridi hatoiona.

ASUBUHI YA PILI: VICHWA VYA BETRI
Jioni yake fungua boneti. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, mshukiwa umempata. Sisi tunaishi pembezoni mwa bahari, upepo unatuletea chumvi usiku na mchana, na chumvi na unyevu huharakisha kutu. Unga ule unaubana umeme usipite vizuri, na stata ndiyo inayokula umeme mwingi kuliko kitu chochote garini.

Namna ya kusafisha:
- Zima gari, toa ufunguo.
- Fungua waya wa negativu (–) kwanza, halafu wa pozitivu (+). Ukirudisha, pozitivu kwanza, negativu mwisho.
- Maji ya vuguvugu yenye bekingi soda kidogo na mswaki wa zamani vinatosha. Vaa glavu, kinga macho, ile ni asidi. Maji yasiingie ndani ya betri.
- Kausha, kaza vizuri hadi kichwa kisicheze, paka grisi nyembamba juu.
- Fuata ule waya wa negativu hadi unapofungwa kwenye bodi na injini. Huko nako kutu hujificha, na watu wengi hawafiki.

Kesho yake sikiliza tofauti.

ASUBUHI YA TATU: NANI ANAKUNYWA UMEME USIKU?
Kipimo hiki ni kwa wenye tatizo la A tu. Usiku ukishafunga kazi, ondoa waya wa negativu kwenye betri. Asubuhi urudishe, piga stata. (Kama redio au alamu yako inadai namba ya siri baada ya umeme kukatika, itafute kwanza.)

Ikiwaka vizuri: betri yako nzima, ila kuna kitu kinaifyonza usiku. Washukiwa ni redio iliyofungwa kwa kuunga unga, alamu, chaja ya simu inayobaki imechomekwa, taa ya buti isiyozimika. Mpelekee fundi umeme na umwambie maneno haya haya.

Ikiwa bado mvivu: betri imechoka, au haichajiwi ya kutosha. Hapa mita ndogo ya umeme ya mafundi itakusaidia. Gari ikiwa imelala usiku, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Ikisoma 12.0 au chini, imekaribia kwisha. Wakati stata inazunguka isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Na injini ikiwa inaunguruma, isome kati ya 13.8 na 14.5. Isipofika hapo, alteneta haichaji, na betri mpya nayo itakufa vile vile.

Mawili ya kuzingatia kuhusu betri kwa mazingira yetu. Moja: kinachoua betri ni joto. Nchi za baridi, baridi huifichua betri iliyokwisha kuchoka. Hapa joto ndilo linaloichosha mwaka mzima, kwa hiyo usishangae betri ya kwetu ikidumu muda mfupi kuliko alivyosimulia mtu wa Ulaya. Mbili: kama mizunguko yako mingi ni ya hapa hapa, Matemwe na Pwani Mchangani, dakika tano kwenda na tano kurudi, kila kuwasha kunachota umeme ambao safari fupi haiurudishi. Ile safari ya Mjini ndiyo inayoishibisha betri.

ASUBUHI YA NNE: PRESHA YA MAFUTA
Hii ni kwa tatizo la B, kwenye gari za petroli zenye injekta. 

Gari nyingi za aina hii zina pampu ya umeme ndani ya tangi. Kwenye baadhi yake, ukiweka swichi ON bila kupiga stata, utasikia mlio mdogo "zzzz" kama sekunde mbili, kisha kimya. Hapo pampu inajaza presha kwenye bomba. Gari nzima hubakiwa na presha hata ikilala, kwa sababu kuna vali inayozuia mafuta yasirudi tangini. Vali ikichoka, mafuta yanarudi taratibu usiku kucha. Asubuhi bomba halina kitu, ndiyo maana stata inazunguka weee hadi mafuta yafike mbele.

Kipimo: weka ON, subiri mlio uishe, rudisha OFF. Fanya mara tatu. Halafu ndiyo upige stata.

Ikishika papo hapo, tofauti na siku nyengine zote, jibu umelipata: presha inapotea usiku. Ama ni vali ya pampu, ama kuna injekta inayovuja. Fundi ataunga geji ya presha na kuthibitisha kabla hujanunua pampu. Na hadi utakapopata hela ya kutengeneza, ile ON-OFF mara tatu inaweza kukuwashia gari kila asubuhi bila kuichosha stata.

Kama gari yako ilikuwa na mlio huo wa pampu na sasa huusikii kabisa, anza na fyuzi na rilei ya pampu. Fyuzi ni ya bei ndogo sana ukilinganisha na pampu.

Na tabia ya kutia mafuta kidogo kidogo, taa ya tangi inawaka wiki nzima: ile pampu inapozwa na mafuta yanayoizunguka. Tangi likiwa kavu kila siku, pampu inafanya kazi kwenye joto na inavuta uchafu wa chini. Kama hununua mafuta ya madumu barabarani, ongeza na wasiwasi wa maji.

ASUBUHI YA TANO: SENSA YA JOTO
Injini baridi inahitaji petroli nyingi zaidi ili iwake. Kompyuta ya gari inaamua kiasi hicho cha ziada kwa kumsikiliza zaidi mtu mmoja: sensa ya joto la maji ya injini. Sensa ikidanganya kwamba injini ina moto wakati imelala, kompyuta inatoa petroli kidogo, na gari inagoma. Mchana injini ikiwa na moto kweli, uongo wa sensa unageuka ukweli, na gari inawaka vizuri. Ndiyo maana fundi wa Mjini haoni kitu.

Kipimo kinahitaji kile kifaa kidogo cha OBD2 kinachounganishwa na simu, au mashine ya fundi. Asubuhi, kabla ya kuwasha, soma joto la maji ya injini na joto la hewa inayoingia. Vyote vimelala pamoja usiku mzima, lazima vikaribiane. Hewa ikisoma 26 na maji yakasoma 27, sawa. Hewa 26 na maji 70? Sensa inasema uongo. Kumbuka tu kwamba gari za zamani zilizotengenezwa kwa soko la Japani, si zote zinazosomeka na vifaa hivi.

PLAGI NA UNYEVU

Plagi zikichakaa, mwanya wake unapanuka na moto unakuwa dhaifu. Injini ikiwa na joto inavumilia, ikilala inakataa. Toa plagi uzitazame: kavu na rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeusi zenye masizi, mafuta yanazidi. Zenye oili, injini inaanza kuvujisha ndani.

Gari za zamani zenye distributa na nyaya za plagi zina tabia yao: asubuhi za mvua ya Masika, umande ukiingia kwenye kofia ya distributa, moto unapotea njia. Kausha kwa kitambaa safi, angalia kama ina nyufa. Ikiwaka baada ya kukaushwa, umeshajua. Na zenye kabureta, hakikisha choki inafunga asubuhi. Bila choki, gari ya kabureta kusumbua asubuhi si ugonjwa.

GARI ZA DIZELI

Mwenye Hiace ya zamani au pikapu ya dizeli, wewe huna plagi za cheche. Una hita plagi, zile zinazopasha moto ndani kabla ya kuwasha. Subiri taa yake ya rangi ya manjano izime ndiyo upige stata. Ikichelewa kushika na kutoa moshi mweupe unaowasha macho, kisha ikatulia, hita plagi moja au mbili zimekufa, na hiyo hutokea hata kwenye joto letu. Kama hita ni nzima, tafuta hewa: bomba la mafuta lenye ufa mdogo linaingiza hewa usiku. Pampu ndogo ya mkono juu ya filta itakwambia. Ukiipampu kwanza na gari ikashika mara moja, kuna pahala panavuta hewa.

Usipulize dawa za kuwashia gari kwenye dizeli yenye hita plagi. Inaweza kulipuka ndani ya injini.

MOSHI NA HARUFU

- Moshi mweusi na harufu kali ya petroli: mafuta yamezidi, pengine injekta imevuja usiku. Kanyaga mafuta hadi chini huku unapiga stata. Gari nyingi za injekta hukata mafuta ukifanya hivyo, na injini inajikausha. Hakuna sigara wala kiberiti karibu.
- Moshi wa buluu unaokwisha baada ya muda: oili inashuka kwenye silinda usiku.
- Moshi mweupe usiokwisha, na maji ya rejeta yanapungua: usiendeshe hadi Mjini. Maji yanaweza kuwa yanaingia ndani ya injini, na kila kilomita inaongeza bili.

UJUMBE WA KUMPELEKEA FUNDI

Usimwambie "gari inasumbua kuwaka." Mtumie video ya asubuhi ya kwanza na maneno kama haya:

"Fundi, gari ikilala usiku inachukua sekunde 8 kushika. Stata inazunguka kwa nguvu. Betri ilisoma 12.6 kabla ya kuwasha. Nikiweka ON-OFF mara tatu inashika mara moja. Moshi hakuna. Mchana haisumbui. Naomba unipimie presha ya mafuta kwanza, kabla ya kubadilisha kitu."

Fundi mzuri atakushukuru. Na yule wa kubahatisha atajua kwamba huyu hafai kubahatishiwa. Kama inawezekana, mwachie gari ilale kwake usiku mmoja, ili asubuhi aiwashe yeye mwenyewe.

WAKATI GARI BADO HAIJAPONA

- Iwashe nusu saa kabla ya muda wa kuondoka, usisubiri dakika ya mwisho. Iwe pahala pa wazi, moshi wa gari ndani ya banda unaua.
- Mizigo midogo mpe konda wa daladala ya 118, mteja apokee kituoni Mjini. Mpigie mteja mapema, mpe namba ya gari. Mteja anasamehe kuchelewa alikoambiwa, hasamehi simu isiyopokelewa.
- Gari nyingi tulizonazo ni otomatiki, na hizo haziwaki kwa kusukumwa. Weka nyaya za kushtulia ndani ya buti. Ya nyekundu: pozitivu ya betri mbovu, kisha pozitivu ya betri nzima. Ya nyeusi: negativu ya betri nzima, na mwisho kabisa chuma kitupu cha injini ya gari iliyogoma, mbali na betri yake.

Na piga hesabu. Tuseme safari moja ya Mjini ina oda 8, kila oda ina faida ya shilingi 4,000. Hiyo ni 32,000. Asubuhi mbili zikikwama kwa wiki, ni 64,000 bila kuhesabu mteja aliyekwenda kununua kwengine. Asubuhi tano za kupima hazikugharimu hata hiyo moja.

Leo jioni fungua boneti, tazama vichwa vya betri. Kesho asubuhi, kabla ya kugusa swichi, weka simu irekodi. Na mpelekee ujumbe huu muuzaji mwenzio unayemsikia kila alfajiri, stata ikilia.